CMC ya sabuni imegandisha feriki ila kwenye shaba imegoma, tatizo nini?

fundi_bodi

Heshima kwenu wakuu. Mimi ni fundi elektroniki, kemia niliiacha form four na D yangu, kwa iyo mkinijibu mjibu kama mnaongea na mtu wa D.

Ishu iko hivi. Natengeneza bodi za amplifaya na inveta mwenyewe hapa hom, kuechi (yani kula shaba isiyotakiwa kwenye bodi) nilikuwa natumia feriki kloraidi, chumvi ya chuma, kama mafundi wengi, alafu feriki ikapanda bei nikahamia ile ya acid ya choo ukichanganya na peroksaidi ya saluni, inakula shaba vizuri tu ila maji yake yanakuwa kijani kibichi kama soda. Sasa nina madumu mawili yamejaa, moja la feriki iliyochoka (kahawia kama chai ya rangi iliyolala) na moja la hiyo kijani. Mama mwenye nyumba ameshaanza kuuliza maswali, kumwaga kwenye mtaro siwezi maana kuku na bata wa mtaa mzima wanakunywa humo.

Dada yangu anatengeneza sabuni ya maji, anatumia ule unga wa CMC wa kufanya sabuni iwe nzito. Nikawaza, kama kijiko cha ule unga kinafanya ndoo nzima iwe ute, basi nikiuweka kwenye haya maji machafu utakamata shaba yote, nianike, likauke, nitupe kama takataka kavu. Akili yangu ikaona nimemaliza kazi.

Nikaloweka CMC kwenye maji safi ikawa ute mzito, nikachota kwa sindano ya bomba nikadondoshea kwenye feriki. Aisee. Palepale, yani ute ulivogusa tu feriki ukawa uzi wa kahawia kama mnyoo, unashikika mkononi (glavu nilivaa msianze), ukivuta unavutika kama mpira. Nikakata mmoja kwa wembe, ndani bado ni ute mweupe msafi kabisa, ngozi ya juu tu ndo imekuwa mpira.

Nikafurahi nikaenda kwenye dumu la kijani nikafanya vilevile. Hamna kitu. Ute umeingia ukayeyuka ukapotea, nikaongeza, nikaongeza, mpaka robo kilo ya dada ikaisha. Jioni palikuwa na uzito kidogo, asubuhi naamka imekuwa nyepesi kama maji ya bomba, hata kuteleza haitelezi.

Kwa nini chuma imeshika na shaba imekataa wakati zote ni metali na zote zimo kwenye acid? Na ule ute umeenda wapi? Natanguliza shukrani.

kijana_wa_physics

Feriki ni nzito zaidi mkuu, inazama kwenye CMC, shaba ni nyepesi. Simple.

mwl_kemia

Hapana kijana, atomu ya shaba ndo nzito kuliko ya chuma, 63.5 kwa 55.8. Uzito hauhusiki kabisa hapa, tuuache.

Fundi umefanya jaribio zuri kuliko unavyojua, kuna wanafunzi wanaingia maabara na vifaa vya mamilioni hawaoni hicho ulichokata kwa wembe. Ngoja nikueleze taratibu.

CMC ni selulosi, yani ileile ya pamba na karatasi, iliyofungwa vijitawi vya kaboksili kwenye mnyororo wake ndo maana inayeyuka kwenye maji. Ichukulie kama daladala refu lenye siti nyingi. Kila kaboksili ni siti. Kwenye maji ya kawaida siti zina chaji hasi na aliyekaa pale ni sodiamu, ambaye hana ubishi, ukimgusa anashuka. Siti zenye chaji hasi zinasukumana, mnyororo unajinyoosha unachukua nafasi kubwa kwenye maji, ndo ule ute wa sabuni ya dada.

Sasa ukitia acid unaleta ayoni za hidrojeni (hidrojeni yenye chaji), na hizo kwa kaboksili ni abiria wa kudumu, zikikaa zimekaa. Siti ya namna hii inakuwa nusu imekaliwa nusu iko wazi kwenye pH (kipimo cha acid, namba ikishuka acid inazidi) ya karibu 4. Ukishuka mpaka pH 3 zinabaki wazi kama 9 kwa kila 100. pH 2 inabaki moja kwa 100. Maji yako ya kijani yametokana na acid ya choo, ambayo ni haidrokloriki, na kama ulichanganya kama watu wanavyochanganya basi uko pH 0 au 1 pale, maana yake kwenye siti 10,000 unapata moja ya wazi, ikizidi sana kumi. Shaba anakuja na chaji zake mbili, anakuta gari limejaa hidrojeni mpaka mlangoni, atakaa wapi? Hajakataa yeye, amekosa siti.

Na kingine kwenye dumu lako la kijani, shaba hayuko peke yake, amezungukwa na kloraidi, ile rangi ya kijani ndo ushahidi. Chota kidogo uongeze maji mengi utaona inageuka bluu ya anga, hapo kloraidi zimemwachia maji yamechukua nafasi. Kwa iyo ana kizuizi mara mbili, siti zimejaa na yeye mwenyewe kashikwa koti na wengine.

Chuma ya kwenye feriki ni habari nyingine. Ina chaji tatu, ni ndogo, na inapenda oksijeni ya kaboksili kupita kiasi. Ukipima kwenye asetiki, ambayo ni kaboksili moja ya kawaida tu kama ya siki, chuma yenye chaji tatu inashika kwa nguvu zaidi ya mara kumi kuliko shaba. Huyu ni yule abiria anayepanda hata gari limejaa, anamng'oa hidrojeni anakaa. Na akikaa hakai kwenye siti moja, anashika ya gari hili na ya gari la pembeni, minyororo inafungwa pamoja, ndo ule mpira. Ile ngozi ya nje na ute ndani ni kwa sababu chuma ya kwanza kufika imefunga mlango, ya nyuma inabidi ipenye polepole kupitia ngozi. Ungeacha uzi mmoja ndani ya feriki usiku kucha ungekuta umekuwa kahawia mpaka katikati.

Ila nikutahadharishe usije ukampa CMC sifa zote. Feriki yenyewe haipendi kukaa peke yake kwenye maji, ukiizimua au ukipunguza acid inaanza kujigeuza kutu, kuanzia pH 2 na kitu hivi unaanza kuona uchafu wa kahawia hata bila polima (mnyororo mrefu kama CMC) yoyote. Ute wako ulikuwa na maji safi, kwa iyo pale vilipogusana pH ilipanda kidogo. Sehemu ya kahawia uliyoiona inaweza kuwa kutu iliyonaswa.

fundi_bodi

Mwalimu shikamoo. Nimeelewa siti. Sasa swali, nikipunguza acid kwenye dumu la kijani si ina maana siti zitafunguka na shaba atakaa?

mwl_kemia

Marahaba. Ndiyo, na jaribu kwa kikombe kidogo sio dumu zima. Zimua kwanza, weka magadi soda kidogokidogo (itafoka povu, tumia chombo kikubwa) mpaka karatasi ya pH isome kama 4 au 4 na nusu, alafu dondosha ute. Utapata vinyuzi vya bluu. Shaba na CMC wakikutana kwenye acid hafifu wanagandana vizuri tu, kuna njia ya maabara ya kupima CMC ambayo inaigandisha kwa chumvi ya shaba ndo inaanzia hapo.

Lakini usipite 5. Kuanzia 5 na kidogo shaba inaanza kuganda yenyewe kuwa unga wa bluu kijani hata kama hujaweka CMC, alafu utasema polima imefanya kazi kumbe ni magadi. Kosa hili naliona kila mwaka kwenye proje za wanafunzi, mtu anakuletea grafu imepanda mpaka asilimia 99 kwenye pH 7 anashangilia, unamuuliza ulifanya chupa moja bila polima? kimya. Fanya vikombe viwili, kimoja na ute kimoja bila.

bi_mwani

Nami nichangie, niko Unguja, kazi yangu mwani. Kwani lazima CMC? Mwani wetu huu spinosamu na kotonii ndo unatoa karajina, nayo ni ute vilevile, ila siti zake si kaboksili bali ni salfeti. Niliwahi kuambiwa na wataalamu waliokuja kutufundisha kwamba salfeti haishughulishwi na asidi, hata uweke ndimu namna gani chaji yake ipo palepale. Sasa huyu ndugu akitumia mwani si atakamata shaba humohumo kwenye acid bila kuhangaika na magadi?

mwl_kemia

Bi Mwani umegusa pazuri na nusu ya jibu ni ndiyo. Salfeti kweli haikaliwi na hidrojeni kirahisi, kwenye pH 2 bado siti ziko wazi. Tatizo ni kwamba salfeti haichagui. Inashika kwa chaji tu, mwenye tatu mbele ya mwenye mbili, mwenye mbili mbele ya mwenye moja, na baina ya shaba na kalsiamu haioni tofauti kubwa. Kaboksili inafanya zaidi ya hapo, inampa shaba kitu cha kushika hasa, na ndo maana shaba anawapita wenzake nikeli, kobalti na zinki, ule mpangilio ambao wanakemia Irving na Williams waliupanga miaka ya 1948 na 1953. Kwenye salfeti upendeleo huo unafifia, na ukimwaga chumvi nyingi juu yake shaba anaoshwa anaondoka.

Na kwa dumu la fundi kuna baya zaidi, karajina ikikaa kwenye asidi kali inakatikakatika, tena kukiwa na joto ndo haraka. Nyinyi wenyewe mnajua ukiichemsha na ndimu nyingi haigandi vizuri.

bi_mwani

Kweli hilo, jeli ya ndimu hututesa mpaka leo. Huwa tunatia ndimu mwisho ikishatoka motoni.

mwana_likasi

Jambo sana batu ya huko. Mimi niko Likasi, Kongo, nafanya kazi upande wa kusafisha shaba, miaka kumi na kitu sasa, nasoma hii nacheka kwa sababu fundi amegundua peke yake kitu ambacho kwetu kiliwahi kutusimamishia kazi.

Sisi shaba na kobalti tunaitoa kwenye udongo kwa asidi ya salfuriki, matope yanakuwa pH kama 1.5 mpaka 2, alafu lazima matope yatulie chini na maji ya shaba yabaki juu safi. Hapo tunatia flokulanti, ni polima ya kuyeyuka na maji pia, ile ya akrilamaidi. Iko ya aina mbili tatu. Iko yenye siti za kaboksili nyingi, ile ya kusafishia maji ya kunywa na mito, na iko isiyo na chaji kabisa ama yenye chaji kidogo sana. Siku moja ghala iliishiwa, mtu mmoja akasema polima ni polima, akaleta ile ya kaboksili nyingi. Kwenye tangi ya kuchanganyia na maji safi ilikuwa nzuri, nzito, inavutika kama bamia. Ilivofika kwenye matope ya asidi, kwisha. Hidrojeni ikakalia siti, mnyororo ukajikunja kama kiwavi ukimgusa, haufiki tena kushika chembe mbili kwa wakati mmoja. Na ile feri (chuma ya chaji tatu) na aluminiamu iliyoko humo ikaipiga vinundu vidogo vyeupe, kama ugali ulioharibika, vikaenda kuziba bomba. Matope hayakutulia, tulikaa tunasafisha mpaka jua linachwa.

Kwa hiyo kwenye asidi sisi tunachukua ile isiyo na chaji. Hiyo inashika chembe kwa njia nyingine, hidrojeni haiioni. Na dozi ni ndogo sana, makumi ya gramu kwa tani ya matope makavu. Fundi wewe ulitia robo kilo kwenye dumu, kaka! Ukizidisha polima hata kama ni ile sahihi, inavika kila chembe koti, chembe zinaogopana, maji yanabaki machafu kuliko mwanzo. Sisi tukizidisha hapa kuna mtu wa sehemu ya mbele, pale shaba inapohamia kwenye mafuta, anakuja juu kutugombeza kwa sababu inamletea uchafu kati ya mafuta na maji.

fundi_bodi

Hahaha kaka wa Likasi nimekoma, robo kilo yenyewe nadaiwa.

Mrejesho. Nimefanya vile vikombe viwili kama mwalimu alivosema. Kwanza ile ya kuzimua, kweli kijani imegeuka bluu mbele ya macho yangu, nimeita mpaka watoto waone. Kwenye 4 hivi kikombe cha ute kimetoa vinyuzi vya bluu kama pamba iliyolowa, laini, sio mpira kama vya feriki, ukivibana vinakatika. Kikombe kisicho na ute hakikufanya kitu. Nikachukua kimoja cha bluu nikakirudisha kwenye acid ya choo tone tatu, kimeyeyuka chote, shaba imerudi majini. Nimekaa naangalia kama mtoto.

Bado ute wa mwanzo uliopotea usiku hamjanijibu. Na kuna jingine, vile vinyuzi vya feriki niliviosha nikaviweka kwenye chupa ya maji dirishani jua linapiga, leo siku ya nne vimepauka, vimelegea, na maji yana rangi ya njano hafifu. Nani kavigusa?

mwl_kemia

Hiyo ya kurudisha kwenye acid ndo biashara nzima mkuu. Kwenye viwanda vinavyotumia polima hizi wanashikisha metali kwenye acid hafifu, wanachuja kwa utando ambao polima haipiti, alafu wanashusha pH mpaka 1 au 2 metali inaachia, polima inatumika tena. Acid hapo sio adui, ndo ufunguo wa kufungulia.

Ute uliopotea, ninahesabu washukiwa watatu. Wa kwanza ni huo wa mwana Likasi, siti zikikaliwa mnyororo unajikunja na uzito unashuka saa ileile. Wa pili chumvi yenyewe, ayoni zikiwa nyingi zinaziba chaji hata ya siti zilizobaki. Lakini hao wawili wasingeifanya kuwa maji ya bomba. Mimi namshika wa tatu, peroksaidi. Mle ndani kulikuwa na peroksaidi iliyobaki, na ikikutana na shaba au hata chembe ya chuma inatoa vipande vikali sana vinavyokata mnyororo wa polima ovyoovyo. Mkato mmoja katikati ya mnyororo mrefu unapunguza uzito kuliko unavyodhani. Ukimaliza usiku mzima hamna ute tena, kuna vipande vifupi. Ukitaka kuhakikisha, chemsha kidogo maji ya kijani uwanja wa nje peroksaidi iishe, yapoe, ujaribu tena. Usivute ule mvuke.

Wa dirishani ni jua. Chuma yenye chaji tatu ikiwa imeshikana na kaboksili, mwanga ukiipiga inanyang'anya elektroni kutoka kwenye hiyohiyo kaboksili, inashuka kuwa chuma ya chaji mbili, na siti yenyewe inavunjika inatoka kama hewa ya kaboni dioksaidi. Chuma ya chaji mbili haina ubavu wa kufunga minyororo, mpira unalegea. Nimewahi kufanya na alijineti (ute mwingine wa mwani, wenye kaboksili) darasani, vidonge vya kahawia tukaviacha dirishani wiki moja tukakuta supu. Na ni ujanja wa zamani, picha zile za bluu alizobuni John Herschel mwaka 1842 zinatumia chuma na sitriki, mwanga unafanya kazi hiyohiyo. Weka chupa nyingine kabatini ulinganishe.

mwana_likasi

Fundi mimi nakwambia kama fundi mwenzako, CMC ni nzuri kwa kujifunza, kwa kusafisha dumu acha. Tia misumari. Misumari ya chuma ya kawaida, isiyopakwa rangi, ama vyuma chakavu. Kwenye dumu la feriki, chuma itakula kwanza ile feri mpaka kahawia ipotee iwe kijani hafifu, alafu shaba itaanza kutoka yenyewe kama matope mekundu juu ya misumari. Kwenye dumu la kijani vilevile. Fanya nje, kwa sababu acid na chuma inatoa hidrojeni, na usifunge mfuniko, na sigara mbali. Usitumie sufuria ya aluminiamu hata kidogo, itachemka ikurukie.

Shaba ikitoka chuja, ni mali hiyo wanunuzi wa skrepa wanaijua. Maji yaliyobaki ni chuma na acid, tia soda ashi ya dada polepole mpaka pH 8 au 9, chuma inaganda, inatulia, maji ya juu yanakuwa safi. Ndo hapo ukitaka sana kutumia CMC tia chembe, ncha ya kijiko, sio robo kilo.

bi_mwani

Na asichanganye acid ya choo na blichi jamani, kuna watu hudhani vyote ni vya kusafishia.

fundi_bodi

Hilo najua bi mkubwa, asante.

Misumari iko ndani tangu jana, dumu la feriki. Asubuhi nimetoa mmoja umekuwa mwekundu mzima kama waya mpya, ukisugua kwa kidole shaba inabaki kwenye glavu. Kahawia imeisha kama mlivosema. La kijani nitalianza jumamosi nikipata chuma zaidi maana hili limekula misumari ya nusu kilo na bado linadai. Dada nimempa habari ya soda ashi, amesema kwanza nirudishe CMC.

mwl_kemia

Mrudishie. Na ile chupa ya kabatini usisahau kuleta jibu.